Kibarua wa kaunti anayetaka kazi ya kudumu: aende mahakamani, bodini au chamani?

Kuna watu wanaofagia masoko ya kaunti nchini Kenya, wanaozoa taka, wanaofyeka nyasi kwenye zahanati na kusukuma machela wodini, ambao msimamizi akisoma majina asubuhi bado huwaita vibarua. Baadhi yao walianza kazi enzi za mabaraza ya miji, na ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 kaunti zikawarithi pamoja na matrekta na madeni. Hulipwa kwa siku walizofika tu. Wakiugua, hawana kitu. Na swali lao ni lile lile: nimeitumikia serikali miaka yote hii, nifanye nini niandikwe kazi ya kudumu yenye pensheni?

Majibu wanayopewa ni matatu. Mmoja atasema, "Nenda kortini, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinakulinda." Mwingine, "Ngoja bodi ya utumishi wa umma ya kaunti itangaze nafasi, uombe kama wengine." Wa tatu, "Tuingie chama, tumbane gavana atuandike sote." Nimeamua kuzilinganisha njia hizi kwa sababu watu wengi huchagua moja huku wakitarajia kupata kile ambacho nyingine ndiyo hutoa, na wanapogundua, muda wa kisheria umeshapita.

Tofauti kubwa iko hapa. Kifungu cha 37 kinakupa haki za mfanyakazi, lakini hakikupi nafasi serikalini. Bodi inaweza kukupa nafasi, lakini haitakulipa senti kwa miaka uliyopunjwa. Chama kinaweza kusukuma yote mawili, ila hakina mamlaka ya kuandika barua ya ajira. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya lingine lolote ni hili: ninachodai ni haki zangu za jana, au ni kazi ya kesho? Wengi wanadai vyote viwili, na hawakosei. Wanapokosea ni kuvipeleka vyote mlango mmoja.

Sheria inakuita nani?

Sheria ya Ajira ya 2007 inamweleza kibarua kuwa mtu ambaye masharti yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Soma tena maelezo hayo kisha uangalie hali yako. Mtu aliyepangiwa zamu ya mwezi mzima na kutumiwa hela kwa simu mwisho wa mwezi ana hoja nzito kwamba hakuwa kibarua hata siku moja, hata kama kila ukurasa wa daftari la mahudhurio umeandikwa "vibarua" kwa herufi kubwa. Jina alilokupa mwajiri halibadilishi ukweli wa kazi yenyewe.

Kuna makundi matatu yanayofanana na vibarua ambayo njia zake ni tofauti. La kwanza ni wanaolipwa kwa kipimo cha kazi: kwa mtaro uliochimbwa, kwa gunia, kwa tani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya wafanyakazi wa kampuni ya chumvi ya Krystalline, iliamua kwamba anayelipwa kwa kipimo cha kazi hawezi kukitumia kifungu cha 37, kwa kuwa kifungu hicho kinamzungumzia kibarua peke yake. La pili ni wenye mkataba wa muda maalumu, tuseme miezi 3 inayoandikwa upya kila mara. Hao mkataba wao huisha tarehe iliyoandikwa, na kuongezewa mara nyingi hakuufanyi kuwa wa kudumu. La tatu ni waliochukuliwa na mwanakandarasi wa kuzoa taka. Unaweza kuvaa aproni yenye nembo ya kaunti, lakini kama anayekulipa na kukupangia kazi ni mwanakandarasi, mwajiri wako ni yeye, na dai lako linaanzia kwake.

Njia ya mahakama: kifungu cha 37

Kifungu hiki kinasema hivi. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla zinafika mwezi 1 au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi 3, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na hawezi kuachishwa bila notisi ya maandishi ya siku 28. Kila baada ya siku 6 za kazi anastahili siku 1 ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo pamoja na sikukuu za kitaifa huingia kwenye hesabu ya siku mfululizo. Akifikisha miezi 2 tangu aanze, anastahili masharti yote ambayo angeyapata chini ya Sheria hiyo kama hangeanza kama kibarua.

Masharti hayo si madogo. Ni likizo ya siku 21 za kazi kwa kila mwaka. Ni likizo ya ugonjwa. Ni miezi 3 ya uzazi kwa mama na wiki 2 kwa baba. Ni nyumba au posho ya nyumba. Ni kusikilizwa kabla ya kufutwa, na kupewa sababu. Ukifutwa bila hayo, mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, juu ya notisi na madai mengine.

Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa Sh600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mshahara wake wa mwezi ni Sh15,600. Notisi ni Sh15,600 nyingine. Likizo ya mwaka mmoja ambayo hakupewa ni Sh12,600. Fidia ya kufutwa isivyo haki haiwezi kupita Sh187,200, na mara nyingi mahakama hutoa miezi michache tu kuliko kiwango hicho cha juu. Kama hajawahi kukatwa NSSF, yaani michango ya mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wala kuwekwa kwenye mpango wowote wa pensheni, anaweza pia kudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Kama alikatwa NSSF, dai hilo huanguka, na kazi inabaki kuhakikisha makato hayo yalifika kweli. Hizi ni pesa za maana kwa mtu aliyekuwa akipata mia sita, lakini aone mapema kwamba si mshahara wa maisha.

Kila kitu hapa hutegemea ushahidi wa mfululizo. Mbinu inayotumika sana ni kumpumzisha kibarua siku kadhaa kila miezi 3 inapokaribia, kisha kumwita tena, ili ionekane kila mara alianza upya. Wakili wa kaunti atasimama na kusema mlalamishi alikuja siku hii, akakosa ile, hakuna mfululizo wowote. Usipokuwa na cha kuonyesha, utabaki na neno lako dhidi ya neno la serikali.

Nimewahi kuliona daftari la mama mmoja mfagiaji wa soko. Lilikuwa daftari la shule la mwanawe, kurasa za nyuma. Alipiga mistari minne kwa rula: tarehe, sehemu aliyofagia, jina la msimamizi wa zamu, na alama ya vema pale alipolipwa. Mistari mingine ilikuwa na doa la maji ya mvua. Pembeni mwa daftari alikuwa amechapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi hiyo hiyo, na kiasi kilichoingia kililingana na idadi ya siku alizoandika. Karatasi za namna hiyo zina uzito kuliko mashahidi watano wanaosema "huyu tunamjua, alikuwa nasi siku zote".

Sheria nayo iko upande wako katika jambo hili, ila wachache hulitumia. Mkataba wowote wa miezi 3 au zaidi unapaswa kuandikwa, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Ukizuka mzozo na mwajiri ashindwe kutoa maandishi hayo, ni yeye anayetakiwa kukanusha masharti unayodai. Tena, kwa kuwa kaunti ni taasisi ya umma, unaweza kuiandikia chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kuomba nakala za daftari la mahudhurio na orodha za malipo zenye jina lako. Afisa husika ana siku 21 za kujibu. Akikataa au akinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Fanya hivyo ukiwa bado kazini kama unaweza. Daftari hupotea haraka sana baada ya kesi kufunguliwa.

Kuhusu pa kushtaki: kwa madai ya mtu ambaye mshahara wake wa mwezi hauzidi Sh80,000, mahakimu waliotengwa tangu 2018 wana mamlaka ya kusikiliza, kwa hiyo si lazima kesi iende moja kwa moja Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba. Hilo hupunguza nauli na gharama kwa anayeishi mbali na miji mikubwa. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria.

Mahali kifungu cha 37 kinapoishia

Hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo, na ningependa wajue mapema. Kifungu kinasema "mshahara wa mwezi" na "notisi ya siku 28". Hakuna mahali kinaposema "kudumu na pensheni". Mahakama ikitangaza kwamba ulikuwa mfanyakazi wa mwezi, umepata ulinzi na malipo, lakini hujaingizwa kwenye orodha ya nafasi zilizoidhinishwa za kaunti.

Sababu yake iko kwenye Katiba ya 2010. Kibarua wa kampuni binafsi na kibarua wa kaunti wanalindwa na Sheria ya Ajira ile ile, na Kifungu cha 41 cha Katiba kinawapa wote haki ya kutendewa kwa haki kazini. Lakini kazi ya umma ina mzigo wa ziada: Kifungu cha 232 kinataka watu waajiriwe serikalini kwa ushindani wa haki na ubora, na fursa sawa kwa wanawake na wanaume, kwa jamii zote na kwa watu wenye ulemavu. Hoja ya kaunti huwa kwamba mfagiaji aliyeingizwa kwa neno la msimamizi au la mwakilishi wadi hakushindana na mtu, na kumpa nafasi ya kudumu kwa amri ya mahakama ni kumnyima kijana mwingine nafasi ya kuomba. Sipendi hoja hii inapotolewa na serikali ile ile iliyonufaika na jasho la bei rahisi kwa miaka kumi, lakini kisheria ina mashiko, na mtu asiende kortini bila kuijua.

India walipambana na jambo hili hili kwa muda mrefu kutushinda. Aprili 2006, katika kesi iliyotoka jimbo la Karnataka, majaji 5 wa Mahakama ya Juu ya huko walisema mahakama zisigeuzwe mlango wa nyuma wa kuingizia watu serikalini. Walitoa nafasi moja tu: serikali iwaandike, kwa mara moja, wale waliotumikia miaka 10 au zaidi kwenye nafasi halali bila kushikiliwa kazini na amri za mahakama. Desemba 2024 mahakama hiyo hiyo, ikisikiliza rufaa ya wafagiaji na mtunza bustani wa Central Water Commission, ilisema serikali isiitumie hukumu ya 2006 kuwanyonya watu wa kazi za kila siku zisizokoma, na ikaamuru wale waajiriwe rasmi. Naitaja kwa sababu baadhi ya vibarua huku wanaamini kuna idadi ya miaka, mara mitano, mara kumi, ambayo ukiifikisha kaunti inalazimika kukuandika. Kenya haina kanuni hiyo. Hoja ya India unaweza kuitoa mbele ya hakimu, lakini haimfungi.

Kuna ugumu mwingine baada ya kushinda. Mali ya serikali haipigwi mnada na dalali wa korti kama ya mtu binafsi. Ukipata hukumu dhidi ya kaunti na isilipe, unarudi mahakamani kuchukua cheti cha hukumu, kisha unaomba amri ya kumlazimisha afisa mhasibu alipe. Akikaidi, ndipo unamshtaki kwa kudharau mahakama. Hiyo ni safari ya pili baada ya ile ya kwanza, na wakili wako anapaswa kukwambia mapema kama ada yake inaihusu.

Njia ya bodi

Mwenye mamlaka ya kuajiri katika kaunti si gavana, si waziri wa kaunti, si mwakilishi wadi. Ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, iliyoundwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Bodi ndiyo inayoanzisha nafasi, inayoajiri, na, jambo ambalo wengi hawalijui, kifungu cha 74 cha sheria hiyo kinaitaka isimamie hata uchukuaji wa vibarua. Kwa hiyo kaunti ikisema "hawa walichukuliwa kiholela na wasimamizi", inakiri kwamba bodi yake haikufanya kazi yake.

Nafasi ikitokea, bodi lazima itangaze kwa njia zinazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa waliowekwa nyuma. Kibarua ana nguvu gani katika kinyang'anyiro hiki? Ana uzoefu wa kazi ile ile. Hana zaidi ya hapo. Hakuna sheria inayompa kipaumbele juu ya aliyetoka nje, isipokuwa tangazo lenyewe liutaje uzoefu kama sifa. Sheria pia inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kwenye kaunti hiyo. Wengine hulalamika juu ya sharti hili. Kwa kibarua wa jamii ndogo, huenda likawa ndilo tumaini lake kubwa.

Kinachowakwamisha vibarua wengi mbele ya bodi ni karatasi. Mtu amefanya kazi ya fundi bomba miaka saba lakini hana cheti cha ufundi wala barua inayosema amefanya. Ombeni barua hizo kwa wasimamizi mapema, kabla hawajahamishwa au kustaafu. Anayeweza kufanya mtihani wa kutambuliwa ufundi katika taasisi ya mafunzo iliyo karibu afanye sasa, asingoje tangazo. Na yule anayezuiwa na gharama ya vyeti vya kuthibitisha uadilifu, vya polisi, vya kodi na vinginevyo, ajue kwamba tangu marekebisho ya 2022 mwajiri anavidai pale tu anapokuwa tayari kumpa mtu kazi, si wakati wa kutuma maombi. Matangazo mengine bado huvidai kimakosa. Tuma maombi yako hata hivyo, na uambatanishe barua fupi inayotaja marekebisho hayo.

Ukiona umeonewa na bodi, rufaa huenda Tume ya Utumishi wa Umma, yaani PSC. Usiruke hatua hii. Sheria ya PSC ya 2017 inakataza kwenda mahakamani juu ya mambo ambayo Tume hiyo ina mamlaka ya kuyasikiliza kabla rufaa haijafika mwisho wake, na Mahakama ya Rufaa iliwahi kusisitiza jambo hilo mwaka 2017. Hata katika kesi za kifungu cha 37, tarajia wakili wa kaunti kuibua pingamizi hili siku ya kwanza. Ndiyo maana ni muhimu dai lako liandikwe vizuri: kudai mshahara, likizo na notisi ni jambo moja, kupinga uamuzi wa bodi wa kutokuajiri ni jingine.

Kikomo kikubwa cha njia hii ni fedha. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti iliyopita kiwango hicho haitangazi nafasi za wafagiaji, na ikitangaza ni chache. Unaweza kungoja miaka.

Njia ya chama, na ahadi za jukwaani

Kibarua ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi kama mtu mwingine yeyote. Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Kaunti ndicho kinachowahusu wengi. Faida yake ya kwanza ni idadi. Mtu mmoja akiomba daftari la mahudhurio, msimamizi humkumbuka siku ya kupunguza watu. Wakiomba mia mbili kupitia chama, hana wa kumtenga. Faida ya pili ni mkataba wa pamoja. Mkataba huo ukisajiliwa mahakamani, masharti yake huingia kwenye mkataba wa kila anayehusika, na kama unasema kibarua wa muda fulani aingizwe kwenye masharti bora, una kitu cha kushikilia kilicho kipana kuliko kifungu cha 37. Upungufu wake ni kwamba lazima chama kiwe kimetambuliwa, na mambo ya malipo katika utumishi wa umma hupitia kwa Tume ya Mishahara, kwa hiyo mazungumzo huenda polepole.

Nimeiweka chini ya njia hii pia ile ahadi ya kisiasa, kwa kuwa mara nyingi huja baada ya mgomo. Gavana anapanda jukwaani Siku ya Wafanyakazi na kutangaza, "Vibarua wote wataandikwa kazi ya kudumu." Watu wanashangilia, wanarudi kazini, wanaacha kesi. Je, ahadi ile inaweza kudaiwa mahakamani? Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza mwaka 2014, katika kesi ya mashirika ya utangazaji, masharti ya mtu kudai alichoahidiwa na mamlaka ya umma: ahadi iwe wazi isiyo na utata, matarajio yawe ya busara, aliyeahidi awe na mamlaka halali ya kuahidi hivyo, na ahadi isipingane na sheria au Katiba. Gavana hana mamlaka ya kuajiri vibarua. Mwenye nayo ni bodi. Kwa hiyo ahadi ya jukwaani huanguka kwenye sharti la tatu, na pengine la nne. Barua ya bodi yenyewe, yenye majina na tarehe, ni jambo tofauti kabisa. Hiyo itunze kama hati ya shamba.

Muda

Kama kuna sehemu moja ya makala hii ambayo ningeomba isomwe kwa sauti kwenye kikao cha vibarua, ni hii. Ukifutwa kazi, una miezi 3 kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, na miaka 3 kufungua kesi. Kwa madai ya jambo lililokuwa likiendelea, kama kulipwa chini ya kiwango mwezi baada ya mwezi, muda ni miezi 12 tangu jambo hilo likome. Mahakama haina uwezo wa kuongeza muda huu. Kusubiri mazungumzo hakuusimamishi. Barua tano za kumkumbusha gavana haziusimamishi. Inaniuma kuona dai zuri, lenye daftari na taarifa za malipo, likitupwa kwa sababu mtu aliambiwa "tuliza moyo, mambo yako yanashughulikiwa" hadi mwaka wa nne ukaingia.

Walio Tanzania wawe makini zaidi, kwa kuwa mipaka yao ni mifupi mno. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mingine ndani ya siku 60. Aliye chini ya miezi 6 kazini hana ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na aliye mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma. Nafasi za kudumu serikalini nazo hupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo ule mgawanyiko wa haki za jana na kazi ya kesho upo huko pia.

Nani ashike ipi

Uliye bado kazini, kijana, mwenye cheti au unayeweza kukipata: nguvu zako zielekeze bodini, ukiwa mwanachama wa chama, huku ukijaza daftari lako kila jioni. Kushtaki sasa kunawezekana, na sheria inairuhusu mahakama kubadili masharti yako ukiwa bado kazini, ila kwa uzoefu wa wengi jina lako halitasomwa asubuhi inayofuata. Afadhali mfungue kesi mkiwa wengi kupitia chama.

Uliyefutwa: nenda mahakamani, na uende mapema. Dai notisi, likizo, posho ya nyumba, malipo ya utumishi na fidia. Unaweza kuomba kurudishwa kazini, ila usiweke matumaini yako yote hapo, kwa sababu mahakama huitoa amri hiyo kwa nadra, na ukirudishwa utarudi kwenye masharti yale ya mwezi. Kesi hiyo haikuzuii kuomba nafasi bodi itakapotangaza. Omba.

Uliyeumia kazini, hata kama ulianza jana, usisubiri hesabu ya mwezi wala ya miaka. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007 inamhusu kibarua pia. Ripoti ajali hiyo siku hiyo hiyo kwa msimamizi, kwa maandishi, na uhakikishe kaunti imeijulisha ofisi ya afya na usalama kazini.

Na uliye na miaka hamsini na kitu, umebakiza michache kufika 60 ambayo ni umri wa kustaafu serikalini, njia ya bodi kwako ni nyembamba, na hata ukiandikwa leo pensheni ya miaka michache itakuwa ndogo. Kwako kifungu cha 37 ndicho chenye faida kubwa zaidi. Anza na taarifa ya NSSF: ione miezi gani kaunti ililipa na ipi haikulipa, kwa sababu miezi ambayo hukukatwa ndiyo itakayowaonyesha wewe na wakili wako ni miaka mingapi ya malipo ya utumishi mnaweza kudai.